Jinsi ya Kupanga Maonyesho ya Pamoja ya Picha za Kamera, Michoro ya Rangi na Sanamu za Udongo

Anayepewa jukumu la kuandaa maonyesho ya wasanii kadhaa katika ukumbi mdogo hushawishika mapema kugawa nafasi kwa aina: picha za kamera ukuta huu, michoro ya rangi ukuta ule, na sanamu za udongo katikati. Mpango huo ni mwepesi kuutekeleza, lakini humfanya mtazamaji apite mbele ya kazi bila kuzilinganisha. Faida ya kukutanisha sanaa hizi tatu ni kwamba mpiga picha, mchoraji na mfinyanzi huweza kulishika jambo lilelile kila mmoja kwa namna yake, na ukaribu wa kazi zao ukalifanya lionekane kwa kina zaidi. Kwa hiyo ninashauri zichanganywe, ila kwa uangalifu, kwa kuwa kila aina ina udhaifu wake.

Kabla kazi hazijafika, andika mkataba mfupi na kila msanii unaotaja tarehe za kuleta na kuchukua kazi, nani atagharimia usafiri na bima, kama kazi inauzwa, na kamisheni ya ukumbi ni asilimia ngapi. Mwombe pia vipimo kamili, yaani kimo, upana na kina, pamoja na uzito wa kila sanamu. Kisha chora ramani ya ukumbi kwa uwiano maalumu, kwa mfano sentimita 2 za karatasi kwa mita 1 ya sakafu, ukionyesha milango, madirisha na sehemu za umeme.

Kazi zinapofika, zipige picha pande zote na uandike kila mkwaruzo au ufa uliopo, msanii akiwapo na akiweka sahihi. Picha za kamera zisizo na fremu zishikwe kingo tu, kwa sababu mafuta ya vidole huacha alama zisizofutika. Turubai, yaani kitambaa kilichochorwa mchoro, isiegemezwe kwenye ncha yoyote, kwani msukumo mdogo kutoka nyuma huweza kupasua rangi upande wa mbele. Sanamu ya udongo ibebwe kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini ya kitako, na kamwe isinyanyuliwe kwa shingo au mkono, ambapo viungio huwa dhaifu. Uliza pia kama udongo umechomwa tanurini, kwa maana udongo uliokaushwa tu hulainika ukiguswa na maji na hauvumilii hata kitambaa chenye unyevu.

Katika kupanga, anza na sanamu. Picha na michoro vinahitaji ukuta pekee, ilhali sanamu inahitaji nafasi ya kuzungukwa, na mahali itakapowekwa ndipo panapoamua watu watapita wapi na watasimama wapi kutazama kuta. Acha njia ya angalau sentimita 90 kati ya kisimamio kimoja na kingine, na ikiwezekana sentimita 120, ili mtu anayetumia kiti cha magurudumu apite bila wasiwasi. Simama mlangoni uangalie kitu cha kwanza kinachopokea jicho. Mimi hupendelea kiwe sanamu yenye mchoro nyuma yake kwa mbali, kwa kuwa mtazamaji huvutwa hadi ndani kabisa.

Baada ya hapo, simamisha picha na michoro sakafuni kando ya kuta, juu ya vipande vya sponji au blanketi, na uzihamishe mpaka zielewane. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapastahili kuharakishwa. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe inayoonyesha ngozi ya uso uliozeeka inaweza kukaa karibu na chungu chenye uso wa mikunjo, na kila kimoja kikamfundisha mtazamaji kukitazama kingine. Kinyume chake, mchoro mkubwa wenye rangi nyekundu kali utaimeza picha ndogo ya kijivu iliyo kando yake, hata kama mada yao ni moja. Ama uiache picha hiyo mbali, ama uitundike pamoja na picha nyingine za msanii huyohuyo ili zipate nguvu ya kundi. Kazi ikikosa mahali kabisa, ni heri kumwomba msanii aibadilishe kwa nyingine kuliko kuibana kwenye kona.

Wakati wa kutundika, katikati ya kila kazi iwe kwenye mstari mmoja, takriban sentimita 150 kutoka sakafuni. Ili kupata mahali pa msumari, chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha fremu, kisha toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi pale waya wa kutundikia ulio nyuma yake unapofika ukivutwa juu. Fremu yenye kimo cha sentimita 60, ambayo waya wake uko sentimita 8 chini ya ukingo, itapata msumari kwenye sentimita 172. Kazi nzito itundikwe kwa misumari au skrubu mbili, na usawa wake uhakikishwe kwa pimamaji.

Mwanga ndio unaoweka mpaka wa kuchanganya. Picha za kamera na kazi za karatasi hufifia upesi, hivyo kiwango kinachopendekezwa ni luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Michoro ya mafuta huvumilia takriban luksi 200. Udongo uliochomwa hauathiriwi na mwanga kwa kiasi cha kutia hofu. Elekeza taa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima ili kioo cha fremu kisirudishe mng'ao machoni. Sanamu ipate taa yenye nguvu kutoka upande mmoja na hafifu kutoka mwingine, kwa kuwa vivuli ndivyo vinavyoonyesha umbo. Lakini taa hiyo isiangukie picha iliyo jirani. Jua la dirishani lisifikie karatasi yoyote.

Visimamio viwe vizito kuliko sanamu vinazobeba, na vile vya mbao vilivyo wazi ndani vitiwe mifuko ya mchanga chini. Sanamu ndogo ishikizwe kwa nta maalumu ya makumbusho, ambayo kwa kawaida hubanduka bila kuacha doa.

Lebo zitaje jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo na bei. Kwa picha ya kamera, taja pia namba ya nakala, kwa mfano 3/10, yaani nakala ya tatu kati ya kumi, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua ni nakala ngapi zitakazochapishwa.

Maonyesho yakiendelea, kagua kila asubuhi kama kuna fremu iliyoinama au sanamu iliyosogezwa. Siku ya kufunga, toa kwanza kazi za ukutani sanamu zikiwa zimezungushiwa kamba, kisha ondoa sanamu moja moja, linganisha kila kazi na picha zilizopigwa ilipopokelewa, na msanii asaini tena kabla haijatoka mlangoni.