Kodi ya kitu unachonunua mtandaoni: namna ninavyoipigia hesabu kabla ya kulipa

Mimi ni fundi wa kushona na kutarizi hapa Bombo, Uganda. Cherehani yangu ya kutarizi niliinunua Marekani kwa njia ya mtandao, bei dola 400, nikaomba ipelekwe kwa mpwa wangu anayeishi Dallas, naye anitumie. Siku ya kulipa, zile 400 zikawa 433. Nilipoona mstari wa kodi nilishusha pumzi, nikasema la kodi limekwisha. Mzigo ulipofika uwanja wa ndege wa Entebbe nikaitwa nilipe kodi. Nikatoa risiti. Kijana wa uwakala wa forodha akaisoma akanirudishia: "Hajati, hii ni ya Texas. Ya Uganda bado."

Dola 33 kwangu ni nyuzi za kazi ya wiki nyingi. Tangu siku ile sigusi kitufe cha kulipa kabla sijachukua kalamu na karatasi, na wanawake wenzangu wanaotaka kuagiza mashine nawaonyesha hivi.

Anza kwa kutazama mzigo utakabidhiwa wapi. Marekani haina kodi moja ya mauzo ya nchi nzima. Kila jimbo hujipangia yake, na miji huongeza juu yake. Texas hutoza asilimia 6.25, na serikali za chini huruhusiwa kuongeza hadi asilimia 2. Dallas wamefika ukomo, ndiyo 8.25. Piga mara 400, unapata zile 33. Tena bei inayoonyeshwa dukani kwao haina kodi ndani. Kodi huongezwa mwisho kabisa, ukishaandika anwani. Sisi tumezoea bei yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tayari, kwa hiyo jambo hili hutupita.

Kinachoangaliwa pale ni anwani ya kupelekea mzigo. Kwamba wewe unaishi Bombo au Arua, mashine ya duka haijui. Delaware, Oregon, Montana na New Hampshire hawana kodi ya mauzo ya jimbo. Alaska nayo haina ya jimbo, ila baadhi ya miji yake hutoza yao. Ndiyo maana kampuni nyingi za kupokea na kusafirisha mizigo zina maghala Delaware na Oregon. Ukitumia anwani ya ghala la huko, ule mstari wa kodi husoma sifuri, na hujavunja sheria ya mtu. Kabla ya kulipa, weka anwani zote mbili kwa zamu, ya ndugu na ya ghala, ulinganishe jumla. Lakini hesabu pia ada ya ghala. Ndugu anayeishi jimbo lenye kodi ndogo huenda akakufaa zaidi kuliko ghala linalotoza kwa kila kilo.

Hapa wengi huniuliza: kwani kitu cha mtandaoni kitozwe kodi kwa nini? Nawajibu waziwazi kwamba kitozwe. Mwenye duka Kikuubo, soko la Kampala, analipa pango, analipa wafanyakazi, anatoa VAT ya asilimia 18. Kama kitenge kilekile kikipita kwenye simu bila kodi, yeye tumemfungia duka kwa mikono yetu. Wamarekani waliligombania jambo hili miaka mingi. Mwaka 1992 Mahakama yao ya Juu kabisa ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji akusanye kodi kama hana hata duka wala ghala ndani ya jimbo hilo. Biashara ya mtandao ikakua juu ya uamuzi huo. South Dakota, jimbo lisilotoza kodi ya mapato ya watu na linaloishi kwa kodi ya mauzo, lilikadiria kupoteza kati ya dola milioni 48 na 58 kila mwaka. Likaishtaki kampuni ya samani ya Wayfair, na tarehe 21 Juni 2018 likashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Ninachokipenda katika sheria ya South Dakota iliyokuwa ikigombaniwa ni kwamba haikumbana mdogo: ilimgusa muuzaji aliyeuza jimboni humo zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au aliyetimiza mauzo 200. Hapa kwetu pia mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 150 kwa mwaka halazimiki kujiandikisha kwa VAT.

Ila kodi ilipwe mara moja tu, si mbili, na ilipwe pale kitu kitakapotumika. Cherehani yangu inapita barabara ya Bombo na kufanya kazi Bombo. Ya Texas haikunihusu. Ya Uganda ilinihusu, na hiyo ndiyo hesabu ndefu.

Jumlisha bei ya kitu, nauli ya kukifikisha na bima. Forodha hutoza juu ya jumla hiyo, na hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani ni bei ya dukani peke yake. Tuseme mashine ni 400, nauli na bima 100. Msingi wako ni 500. Halafu uliza kiwango cha ushuru wa bidhaa yako. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makundi ya asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna la 35, walimowekwa nguo, samani na bidhaa za ngozi. Mwambie wakala akupe namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru, usikubali "karibu hapo". Kwa mfano wa asilimia 10, ushuru ni dola 50. VAT haitozwi kwenye 500, hutozwa kwenye 550, ushuru ukiwa ndani: asilimia 18 ni dola 99. Kuna kodi ya zuio asilimia 6 ya 500, yaani 30, na tozo ya miundombinu asilimia 1.5, yaani 7.50. Hizo peke yake ni dola 186.50, kabla ya ada ya wakala na tozo nyingine ndogondogo. Viwango hivi huguswa kila mwaka bajeti mpya inapoanza Julai 1, kwa hiyo mzigo utakaofika Julai usiupigie hesabu ya Mei.

Muuzaji akijitolea kukuandikia bei ndogo au neno "zawadi", kataa. Afisa ana haki ya kuikataa bei hiyo na kupanga yake, na wewe ndiye utakayebaki na faini.

Ukinunua kwa muuzaji wa hapa Uganda, kwenye Jumia au kwenye WhatsApp ya mtu, kazi ni fupi. Aliyesajiliwa kwa VAT anapaswa kukupa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (Mamlaka ya Mapato Uganda), na namba ya risiti hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya URA. Kujua VAT iliyomo ndani ya bei, gawa kwa 118, zidisha kwa 18: kitu cha shilingi 236,000 kina VAT ya 36,000. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kukuongezea asilimia 18. Anayekuongezea, mwombe risiti ya EFRIS. Akibabaika, lipa bei ya awali au ondoka. Huduma za kidijitali kutoka nje, kama filamu za kulipia kila mwezi, nazo zinadaiwa asilimia 18 ileile.

Mwisho, karatasi. Ile kodi ya zuio, dola 30 za mfano wetu, haijapotea. Ni malipo ya mbele ya kodi yako ya mapato. Hakikisha wakala ameandika TIN (namba ya mlipa kodi) yako wewe kwenye nyaraka za forodha, maana mara yangu ya kwanza mzigo uliingizwa kwa TIN ya mtu mwingine na sikuweza kudai hata senti. Sasa naituma TIN kwa maandishi kabla ndege haijatua, naomba nakala ya tamko la forodha siku ninayochukua mzigo, na naisoma palepale dirishani: jina, TIN, thamani, kiwango cha ushuru.