Somo: Barua ya SIRI imefika mezani kwako, ufanye nini?

Kamweneni. Naandika kutoka Iringa. Wahazili na watunza kumbukumbu wapya mnaniuliza jambo lilelile kila mara, kwa hiyo naliweka hapa lote. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Bahasha yenye muhuri wa SIRI haifunguliwi masjala ya wazi, yaani ofisi ya majalada ya kawaida. Saini kwamba umeipokea, ipeleke kama ilivyo kwa ofisa aliyeidhinishwa.

Hatua ya 2. Ikishafunguliwa inaingia jalada la siri na kupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kwa mfuatano. Karatasi ikinyofolewa, pengo litaonekana.

Hatua ya 3. Jalada likitoka kabatini, andika limekwenda kwa nani na lini. Lirudi kabla ofisi haijafungwa. Ufunguo hauachwi kwenye droo.

Hatua ya 4. Simu. Hapa ndipo tunapoharibu, tena watu wema kabisa. Bosi yuko njiani kwenda Dodoma, anapiga: "Nirushie ile barua WhatsApp niipitie." Mhazili anapiga picha, anatuma, anaendelea na kazi. Tangu dakika hiyo barua iko kwenye simu mbili, na kama simu imepangwa kuhifadhi picha mtandaoni, iko pia kwenye akaunti ambayo nywila yake watoto nyumbani wanaijua. Wiki ijayo kioo kinapasuka, simu inalala kwa fundi huko Mwanjelwa, Mbeya. Ofisi moja huku kwetu barua ya uhamisho ilipigwa picha hivyohivyo. Wahusika waliisoma kwenye kundi la ukoo kabla hawajaitwa kukabidhiwa barua zao. Hakuna aliyekusudia kuvujisha, lakini ilivuja.

Kwa hiyo usipige picha, hata ya ukurasa mmoja, hata kwa kufuta baadaye. Usipeleke steshenari kutoa nakala, maana mashine nyingi kubwa za kunakili hubaki na taswira ndani yake. Usitumie barua pepe yako binafsi. Bosi akisisitiza, mjibu kwa heshima: "Mkuu, hii ni ya siri, naomba niikabidhi kwa anayekaimu." Ofisi inaachiwa kaimu kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 5. Ikisafiri, bahasha mbili: ya ndani ina muhuri na imefungwa vizuri, ya nje ina anwani tu. Aibebe mtumishi aliyeidhinishwa, akae nayo mkononi. Kumkabidhi kondakta wa basi ni marufuku, hata kama mnafahamiana tangu Makambako.

Hatua ya 6. Rasimu na nakala zilizokosewa ziharibiwe mbele ya shahidi, siyo kufungia vitumbua. Jalada lenyewe huna mamlaka ya kuliteketeza. Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, uteketezaji unahitaji idhini.

Sasa adhabu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, Sura ya 47, kifungu cha 5: ukimpa jambo la siri mtu asiyeidhinishwa, kifungo ni hadi miaka 20. Kifungu hichohicho kinakataa utetezi wa "sikujua kama ni siri". Rudia kuisoma sentensi hiyo. Wengi wetu tunaitegemea kauli hiyo na haituokoi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo ina kifungo cha miaka 3 hadi 5 kwa anayetoa taarifa zilizozuiliwa.

MASWALI

Mhazili, Mafinga: Mimi nilimtumia mume wangu tu, akafuta. Hapo kuna shida?
Jibu: Ipo. Hatua ya 4. Mume wako hajaidhinishwa.

Mhazili, Mafinga: Lakini naye ni mtumishi wa serikali.
Jibu: Dada, utumishi siyo idhini. Hata mimi sifungui jalada la idara nisiyohusika nayo.

Mwanafunzi wa utunzaji kumbukumbu, Mbeya: Shikamoo mwalimu. Barua ya kawaida ikinukuu barua ya siri, inakaa jalada gani?
Jibu: Marahaba mwanangu. Swali zuri sana hili. Kama inataja tu kumbukumbu namba na tarehe, inaweza kubaki jalada la wazi. Ikibeba maudhui, hata sentensi moja, inahamia masjala ya siri, na mwandishi aelezwe aweke muhuri. Kwenye jalada la wazi acha karatasi inayoonyesha folio ile imehamishwa, bila kueleza ilisema nini. Ukizoea hilo chuoni, ofisini hutababaika.

Mtendaji wa kijiji, Rungwe: Wananchi wanadai mapato na matumizi. Naweza kugonga muhuri wa SIRI?
Jibu: Hapana. Hayo yanasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri haukuwekwa kwa ajili ya kuwafungia wananchi hesabu zao.

Mwalimu, Njombe: Na kama karatasi ya siri inaficha wizi? Ninyamaze?
Jibu: Usinyamaze, mwalimu, ila usirushe kwenye makundi. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, eleza unachokijua kwa mdomo kwanza, usibebe nakala. Na kama unachotaka ni taarifa ya umma, omba kwa maandishi chini ya sheria ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kukujibu.

Mtunza kumbukumbu, Tukuyu: Huku mvua haikatiki, majalada ya siri yanaota ukungu kabatini. Chumba hakina dirisha.
Jibu: Pole ndugu yangu. Kabati lisigusane na ukuta, liinue kwa matofali. Lifungue kila asubuhi ukiwa umeketi hapohapo.

Mhazili, Mafinga: Toa na pini zote za chuma, zinapata kutu na kula karatasi. Sisi tumeweka tegi, zile kamba za kufungia karatasi, zenye ncha za plastiki.
Jibu: Kweli kabisa dada, asante. Za plastiki mnazipata Mafinga hapohapo au mnaagiza?