Jinsi ya kuanzisha programu ya kusoma sekondari ambayo vijana wataipenda wenyewe

Kama wewe ni mwalimu, au umepewa kulea klabu ya kusoma, na kila ukiingia na riwaya darasani unaona watu wanachungulia saa, usikate tamaa. Vijana stori wanazipenda sana, wasikilize wakati wa mapumziko wanavyosimuliana muvi mwanzo mwisho, hamna anayesinzia. Kinachowachosha ni kwamba kitabu chochote wanachopewa shuleni wanajua kinakuja na maswali kumi nyuma yake. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote kaa na mkuu wa shule mkubaliane kwamba programu hii haina maksi, haina muhtasari wa kuandika, haina kusahihisha. Hilo likigoma bora usubiri kwanza, manake mtakuwa mmeongeza somo jingine tu kwenye ratiba.

Afu tafuta muda. Dakika 15 au 20 kila siku ni bora kuliko saa nzima mara moja kwa wiki, kwa sababu mtu akikaa siku saba hajagusa kitabu anakuwa ameshasahau nani alimfanya nini nani. Na wewe mwalimu kwenye hizo dakika usome, usisahihishe madaftari wala usishike simu. Wanakuangalia kuliko unavyodhani, na siku utakayocheka peke yako kwenye ukurasa fulani lazima mmoja atakuja kuuliza unasoma nini.

Sasa vitabu. Kijana achague mwenyewe, hapa sina mjadala kabisa. Nancie Atwell, mwalimu wa Marekani aliyeshinda Global Teacher Prize, tuzo ya kimataifa ya walimu, ilipotolewa mara ya kwanza 2015, alifundisha hivyo hivyo, mwanafunzi anachagua cha kusoma, na shuleni kwake mtoto mmoja alikuwa anamaliza kama vitabu 40 kwa mwaka. Wewe tandaza ulivyonavyo mezani, changanya riwaya, hadithi fupi, mashairi, tamthilia, vitabu vya katuni, vya mapenzi, vya upelelezi, kila mtu ashike kimoja asome ukurasa wa kwanza, baada ya dakika mbili tatu kibadilishwe kiende kwa jirani. Mwisho wa zoezi kila mmoja ana kimoja ambacho hataki kukiachia.

Na waambie wazi kwamba kitabu kisichonoga kinarudishwa. Nilikuwa na kijana alinirudishia vinne mfululizo, kila kimoja kaishia ukurasa wa 10 hivi, wenzangu wakasema huyo anakuchezea. Nikamuuliza tu, ukurasa wa 10 kulikuwa na nini? Akasema hamna kitu, watu wanaangalia mvua. Basi nikajua huyu anataka mambo yaanze mapema, nikampa hadithi fupi za upelelezi, akaja kesho yake kuuliza kama kuna nyingine. Swali kama hilo linakusaidia kuliko kumfokea mtu.

Kitu kingine watu wanadharau ni kuwasomea kwa sauti, eti ni mambo ya chekechea. Sio kweli, kijana wa miaka 16 anapenda kusomewa vizuri. Chagua sura yenye mvuto, ifanyie mazoezi nyumbani ujue wapi unashusha sauti, na ukifika pale mtu kashika kitasa cha mlango na ndani kuna mtu analia, funga kitabu. Watalalamika, waache walalamike, we kiweke kitabu mezani utoke.

Ila kama una nguvu ya kufanya kitu kimoja tu kikubwa, wafanye wawe majaji. Ufaransa wana tuzo ya riwaya inayoitwa Prix Goncourt des Lycéens, yaani Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, ilianza 1988, wanafunzi wa sekondari kama 2,000 wanasoma orodha ile ile ya riwaya mpya inayoshindania Goncourt yenyewe, tuzo kubwa ya fasihi huko Ufaransa inayotolewa na watu wazima, wanakutana na waandishi, wanabishana darasani, halafu wajumbe wao wanachagua mshindi, na mshindi wao anaweza kuwa tofauti kabisa na wa wakubwa. Shuleni kwako fanya ya saizi yako, vitabu vitano, nakala mbili tatu kila kimoja, wiki nane, halafu mdahalo na kura ya siri. Kanuni yangu kwenye mdahalo ni kwamba kusema "kizuri" au "kibaya" haitoshi, fungua ukurasa utusomee hapo palipokukuna au palipokukera. Hapo ndo utashangaa, yule ambaye kipindi cha fasihi hanyooshi kidole anasimama kumtetea mhusika kama anamtetea ndugu yake, anasoma aya nzima kuthibitisha, na mwingine anamkatiza kwa aya ya ukurasa unaofuata. Uchambuzi wote wa wahusika na mtindo tunaohangaika kuufundisha unakuja wenyewe kwenye ule ubishi. Wewe kura huna, na ukiulizwa maoni yako ngoja mpaka zihesabiwe.

Kuhusu kuazima, weka daftari moja tu la jina, kitabu na tarehe, wanafunzi wenyewe walisimamie kwa zamu. Vitabu vichache vitapotea, usiweke faini, manake mtoto akiogopa kulipa haazimi tena. Na kile kinachorudi jalada limelegea na kurasa zimekunjwa pembe, kigundishe vizuri ukiweke mbele kabisa ya meza, hicho kitachukuliwa kabla ya vile vipya.