Somo: Kupima vifaa vya uchawi ili kampeni yako isife mapema

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wasimulizi, wale mnaoendesha mchezo wakati wenzenu wanarusha dadu. Natumia kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la tano (2014), mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na msimulizi anasimulia dunia na kuendesha maadui. Kanuni zake za msingi ziko chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, unazipakua bure na kihalali, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lazima uagize kitabu nje.

Kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, nyingi ninazoziona zikifa hapa mjini zinakufa kwa zawadi. Msimulizi ana mkono mwepesi, anagawa upanga huku na pete kule, baada ya muda hakuna zimwi linalofikisha raundi ya tatu. Kisha analalamika kwamba wachezaji hawana hamu. Hamu itoke wapi?

Hatua ya 1: Jua kifaa chako ni cha aina gani

Kuna vifaa vinavyoongeza namba, mfano upanga wa +1 au ngao ya +2. Halafu kuna vinavyofungua njia: kupaa, kutoonekana, kupita ukutani, kusoma mawazo. Wasimulizi wengi wanaogopa vya kwanza na kugawa vya pili kama pipi. Mimi naogopa vya pili zaidi, na hapo chini utaona kwa nini.

Hatua ya 2: Vya namba, vipigie hesabu

Chukua kalamu. Mhusika wako anaongeza 5 kwenye dadu ya pande 20, adui ana kinga ya 15 (jumla ikifikia kinga au kuizidi, pigo limegonga). Anahitaji 10 au zaidi, yaani nafasi 11 kati ya 20, sawa na asilimia 55. Akigonga, upanga wake unajeruhi wastani wa pointi 7.5 (dadu ya pande 8, jumlisha 3). Zidisha: kila pigo lina thamani ya kama pointi 4.1.

Mpe upanga wa +1. Sasa anagonga asilimia 60 na anajeruhi 8.5, thamani ya pigo inakuwa 5.1. Ile "moja tu" imemuongezea karibu robo nzima. Mpe wa +3: asilimia 70 mara 10.5, inafika karibu 7.4. Hiyo ni karibu asilimia 80 juu ya mwenzake mwenye upanga wa kawaida, na wote wanakaa meza moja.

Mavazi ya vita yana mtego mkubwa zaidi. Zimwi linaloongeza 4 likimpiga mtu wa kinga 13 linafanikiwa mara 12 kati ya 20. Muongezee kinga moja, zinabaki 11. Hakuna kilichobadilika sana. Lakini askari wako aliyevaa chuma na ngao ana kinga 20, zimwi linampata mara 5 tu kati ya 20. Muongezee moja, zinabaki 4: umefuta moja ya tano ya maumivu yake yote. Muongezee 3, zinabaki 2. Sasa huyo anatembea katikati ya vita kama yuko Coco Beach Jumapili. Nadhani ndiyo maana waandishi wa kanuni waliweka upanga wa +1 daraja la pili la uadimu (la kwanza ni la vifaa vya kawaida, kadiri daraja linavyopanda kifaa ni adimu zaidi), ila vazi la +1 wakalipandisha daraja la tatu. Kinga ya ziada mpe mwenye kinga ndogo.

Hatua ya 3: Vya njia, jiulize ni tatizo gani linakufa

Hapa daraja la uadimu lisikutulize. Ufagio wa kupaa wa kwenye kanuni uko daraja la pili, sawa na upanga wa +1. Unakwenda futi 50 kwa zamu na hauhitaji hata kufungamana na mwenye nao, yaani kuunganishwa naye kwanza kama kanuni zinavyotaka kwa baadhi ya vifaa. Ukiugawa mwanzoni mwa kampeni umefuta kuta, mito, mitego ya sakafuni na kila adui asiye na upinde. Kabla hujatoa kifaa cha namna hii, andika matatizo matano uliyoyaandaa kwa wiki zijazo. Kikiua mawili, sawa. Kikiua manne, umeandika kampeni nyingine bila kujijua.

Hatua ya 4: Weka masharti

Hii ndiyo roho ya somo, na sisi wa pwani tumezaliwa nayo. Nani aliwahi kusikia dawa isiyo na miko? Mganga akikupa hirizi atakwambia usile samaki fulani, usivuke maji nayo, usimwambie mke. Kifaa cha mchezo nacho kiwe hivyo hivyo.

Mfano wangu ni ungo. Mchawi wetu hapandi ufagio, anapanda ungo, anapaa usiku, tena bila nguo. Nikachukua hayo na kuyafanya kanuni: ungo unapaa usiku tu, aliyepanda havai chuma wala ngozi na habebi silaha, jogoo akiwika, unashuka pale pale ulipo. Kila baada ya zamu kumi narusha dadu mbele ya wote, ikitoka 18 kwenda juu jogoo amewika.

Kundi langu lilikuwa linavuka kutoka Kilwa Kisiwani kwenda Songo Mnara. Askari, yule wa kinga 20, aliamua yeye ndiye atangulie kwa ungo. Akavua chuma, akabaki na kaniki na kinga ya 11. Meza nzima ilicheka, kisha ikanyamaza dadu ilipoanza kuzunguka. Ikatoka 19. Ungo ukatua kwenye mikoko, maji yanakupwa, tope mpaka magotini, na chuma chake kiko kwenye mtumbwi wa wenzake. Futi 50 zilibaki zile zile za kwenye kanuni, sikupunguza hata moja.

Sharti zuri linamfanya mchezaji achague. Sharti baya ni lile analolisahau, mfano "usile vitunguu", wakati hakuna anayecheza kula. Kama huna wazo, tumia chaji: fimbo ina chaji saba, zinarudi chache alfajiri, na ukimaliza ya mwisho unarusha dadu, ikitoka 1 fimbo inageuka majivu. Mchezaji atabaki na ile chaji ya mwisho mfukoni mpaka harusi yake.

Hatua ya 5: Kijaribu kabla hujakitoa moja kwa moja

Toa kibuyu chenye mafunda matatu ya kupaa. Yakiisha bila kuharibu chochote, baadaye toa ungo. Fupi tu hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali (Tabata):* Mkuu, nimechelewa. Nimeshampa jamaa upanga wa +3 na wahusika bado wachanga, wako ngazi ya 3. Nimnyang'anye?

*Jibu:* Usimnyang'anye, atakununia na atakuwa na haki. Wala usipandishe kinga za maadui wote, hapo unawaadhibu wenzake wasio na upanga. Leta maadui wengi wadogo badala ya mmoja mkubwa. Upanga hauwezi kuwa sehemu sita kwa wakati mmoja. Wenzake wape vifaa vya njia, vyenye masharti. Na zungumza naye waziwazi, ni mtu mzima.

*Swali (Kigamboni):* Kanuni inasema mhusika anafungamana na vifaa vitatu tu. Si inatosha, kaka?

*Jibu:* Inasaidia, dada yangu, ila upanga wa +1, ufagio na mkoba usiojaa havihesabiwi humo, unaweza kuvirundika utakavyo. Mezani kwangu nawapa viwili mpaka ngazi ya 5, na ungo nimeuingiza kwenye hesabu.

*Swali (Kariakoo):* Wachezaji wangu wanataka duka la vifaa, na kushusha bei wanajua balaa. Bei halali ni ipi?

*Jibu:* Mwongozo wa 2014 unaweka daraja la pili kati ya dhahabu 101 na 500, la tatu 501 hadi 5,000, la nne 5,001 hadi 50,000. Mapana hayo hayakusaidii kitu. Duka usifungue kabisa. Muuzaji awe mmoja, awe na kifaa kimoja, na atake kazi badala ya pesa. Hapo wapunguze bei wanavyotaka, watakuwa wanapunguza hatari ya safari.

*Swali (Mbagala):* Nyumbani wakisikia hirizi na majini wananiangalia vibaya. Nifanyeje?

*Jibu:* Mpe mhunzi kazi yote. Kisu kimefuliwa na mhunzi wa ajabu, masharti kayaweka yeye. Hesabu haibadiliki.

*Swali (Sinza):* Dadu ya pande 20 sina, tunarusha mbili za ludo na kujumlisha. Hesabu zako zinafaa?

*Jibu:* Hazifai, na hapa uwe makini sana. Kwenye pande 20, kila +1 ni asilimia 5. Kwa dadu mbili za ludo, anayehitaji 7 anapata asilimia 58. Mpe +1 ahitaji 6, anapata 72. Upanga wako wa +1 una nguvu karibu mara tatu ya wangu pale katikati. Ama ukomee +1 kampeni nzima, ama ufanye hivi: chukua karata za ree hadi 10 za aina moja, changanya, vuta moja, ree ihesabu 1. Rusha dadu moja ya ludo. Ikiwa shufwa ongeza 10, ikiwa witiri usiongeze. Umepata 1 hadi 20, kila namba na nafasi sawa. Rudisha karata kabla ya kuvuta tena, maana wapo watakaozihesabu.