SOMO: Kupima kasi ya kutu kwenye chuma kinacholowa na kukauka

Swali la "mbona kipande changu kimeongezeka uzito?" limejibiwa mara nyingi mno humu. Hatua zote hizi hapa.

1. Kata flatibaa ya chuma cha kawaida, 50 × 25 × 3 mm: vipande sita vya kuloweka, kimoja cha kulinganishia.

2. Piga msasa, osha kwa asetoni, kausha, pima kwa mizani ya 0.001 g. Kuanzia hapo ni glavu.

3. Ning'iniza kwa mshipi wa nailoni. Waya wa shaba ukigusa chuma, kutu inaharakishwa.

4. Loweka saa 1 kwenye maji yaliyokenekwa yenye chumvi g 35 kwa lita, kisha kausha saa 11, na urudie hivyo. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matupu, usiongeze chumvi.

5. Kukausha. Majaribio mengi yanaharibikia hapa. Chumvi iliyobaki juu ya chuma huvuta unyevu hadi ikayeyuka, unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75. Mombasa au Dar es Salaam usiku hewa huvuka hapo mara nyingi, kwa hiyo kipande ulichokianika dirishani kinalowa tena bila kuguswa na maji. Utaandika saa 11 za ukavu ambazo hazikuwepo. Tumia sanduku lenye mfuniko na silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), weka kipimaunyevu ndani, kaa chini ya asilimia 50. Silika jeli ikishiba, ikaushe upya.

6. Siku ya 10, 20 na 30 toa viwili viwili. Ondoa kutu kwa asidi hidrokloriki kali ml 500 na heksamini (inayozuia asidi isile chuma chenyewe) g 3.5, ongeza maji hadi jumla lita 1, dakika 10. ASIDI NDIYO INAYOMIMINWA KWENYE MAJI, kamwe si kinyume, na iwe penye hewa. Kile cha kulinganishia kipite humo pia. Uzito kinaopoteza utoe kwenye hesabu.

7. Milimita kwa mwaka = 87,600 × gramu zilizopotea ÷ (eneo cm² × saa zote × 7.85). 7.85 ni densiti ya chuma, g kwa cm³; 87,600 hubadilisha vipimo. Gramu 0.250 kwa saa 720, eneo 29.5: 0.13.

Swali: Mkuu, nikipima na kutu yake je?
Jibu: Kutu imebeba oksijeni na maji. Hatua ya 6.

Swali: Saa za kukauka nazihesabu?
Jibu: Nimeandika "saa zote".

Swali: Kipande changu kinachokaa majini muda wote kimeliwa kidogo kuliko hivi. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri sana. Majini oksijeni husafiri mbali kufikia chuma. Utando wa maji juu ya chuma unapokonda wakati wa kukauka, njia inakuwa fupi, kasi inapanda. Tena kutu yenyewe inashiriki: ikilowa hupokea elektroni za chuma, ikikauka oksijeni huirudisha ilivyokuwa, tayari kwa mzunguko unaofuata. Pima vipande vya mizunguko ya saa 6 na saa 24 sambamba, utaona tofauti.

Swali: Nikikuta vishimo?
Jibu: Wastani unavificha. Pima kina cha kila kishimo kwa mikromita yenye ncha, na piga picha kila siku kwenye mwanga uleule, rula pembeni.