Kugawa mtaa wa mita 15: miguu, baiskeli na njia ya kando ya mto

Anza kwa kuhesabu. Simama mtaani kuanzia saa 12 asubuhi, andika kila dakika 15 waliopita: wa miguu, baiskeli, guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), mikokoteni, viti vya magurudumu. Rudia siku ya gulio. Chora pia mahali watu wanapokatiza barabara, kwa sababu kivuko ukikiweka mita 80 kutoka hapo, wataendelea kupita walipozoea.

Kisha pima hifadhi ya barabara, uzio hadi uzio, ulinganishe na michoro ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, au ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, kama ni barabara kuu au ya mkoa. Mara nyingi ukuta au kibanda kimeshasogea ndani.

Mgawanyo uanzie pembeni, si katikati. Ukianza na magari, mtembea kwa miguu hubakiwa na ukingo wa mtaro. Katika mita 15, njia mbili za magari za mita 3 zinatosha. Kila upande unabaki na mita 4.5: mita 2 za kutembea zisizo na nguzo wala meza, mita 2 za baiskeli, nusu mita ya kutenganisha na magari. Mita 2 za baiskeli si anasa. Guta haliingii kwenye njia nyembamba.

Lakini hapo hakuna nafasi ya miti wala machinga. Kwa mtaa wa makazi, afadhali ushushe mwendo wa magari hadi kilomita 30 kwa saa kwa matuta na vivuko vilivyoinuliwa, baiskeli zichanganyike na magari, na zile mita 2.5 za baiskeli na utenganisho ziwe ukanda wa miti, nguzo za umeme na biashara ndogo. Njia ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi tu huwa maegesho ya bajaji ndani ya wiki chache. Vigingi navyo huzuia magari, si bodaboda: penye upenyo wa kiti cha magurudumu, pikipiki nayo inapita.

Kosa linaloharibu kazi nyingi liko kwenye mageti. Fundi hushusha njia ya miguu kila geti, kisha huipandisha tena. Nyumba kumi, mabonde kumi. Mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye ndoo kichwani wanahamia barabarani. Njia ibaki usawa mmoja, gari ndilo lipande, na mteremko wake uishie ndani ya ukanda wa miti. Ukingo wa njia ya miguu usizidi kimo cha sentimita 15. Kivuko nacho kiinuliwe usawa wa njia ya miguu. Ukishindwa, weka mteremko wa 1 kwa 12, yaani sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu. Kumbuka kivuko kilichoinuliwa huziba maji, hivyo tundu la kuingizia maji mtaroni liwe upande yanakotokea.

Mtaro ufunike kwa mabamba ya zege yanayoinuliwa na watu wawili ili usafishike. Vifuniko vya chuma huibwa. Vitofali vya zege viwe na unene wa milimita 60 pa kutembea na 80 magari yanapokatiza, juu ya mchanga wa milimita 30 hivi na kifusi kilichoshindiliwa. Kifusi kisiposhindiliwa, mvua za masika zitaonyesha mawimbi. Inamisha uso asilimia 2 kuelekea mtaroni.

Kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kwa hiyo nenda NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kabla ya kuchora. Njia ya changarawe iliyoshindiliwa, upana mita 3, hufaa: ikifunikwa na mafuriko, unaitengeneza bila kuvunja zege. Weka maingilio kila mita 200 hadi 300, na upogoe matawi hadi mita 2.5 juu. Pasipo pa kutokea, wanawake hawapiti jioni.