Kabla programu haijatoka, hakikisha maandishi yamefika

Chukua ofisi ya wakala wa forodha jirani na bandari ya Kilindini, Mombasa. Usiku programu ya mstari wa amri inatoa orodha ya makontena, asubuhi orodha inachapishwa na kupewa madereva. Diski ya seva ikijaa saa nane za usiku, orodha ya makontena 300 inaweza kukatika kwenye la 212, na programu ikatoka na msimbo 0, yaani imemaliza salama. Mpaka lori lifike Changamwe ndipo mtu agundue. Haya ni ya kuzuia mapema, kabla programu haijakabidhiwa kwa watu.

Elewa kwanza maandishi hukaa wapi. printf, fanksheni ya C ya kuandika, haiandiki kwenye diski, inaweka maneno kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoyashikilia kwa muda. Matokeo yakienda kwenye skrini, bafa humwagwa kila mstari unapokwisha. Yakielekezwa kwenye faili au paipu (njia ya kupeleka matokeo kwa programu nyingine), glibc, maktaba ya C ya Linux, husubiri bafa ijae, mara nyingi baiti 4096. Ripoti ya baiti 900 basi hulala bafani hadi exit iitwe. exit humwaga bafa, lakini kumwaga kukishindikana haimwambii mtu. Ndiyo maana kukagua jibu la kila printf hakutoshi: printf ilisema kweli, maneno yaliingia bafani. Kilichoharibika kilikuja baadaye.

Kipimo ni cha dakika moja. Linux ina /dev/full, kifaa ambacho kila ukikiandikia hujibu kwamba nafasi imekwisha. Endesha `./orodha > /dev/full; echo $?`. Ukiona 0, programu haiko tayari, hata kama mengine yote ni mazuri. Rudia kwa `--help` na `--version`, maana njia hizo fupi ndizo husahaulika.

Katika C, andika fanksheni moja ya kufunga na uisajili kwa atexit, inayopanga fanksheni iitwe programu inapotoka, mwanzoni kabisa mwa main. Zilizosajiliwa huitwa kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, kwa hiyo ya kwanza kusajiliwa hufanya kazi baada ya nyingine zote kumaliza kuandika. Ndani yake uliza ferror(stdout), yaani kama njia ya matokeo ya kawaida imewahi kupata kosa, na uhifadhi jibu, kisha ita fclose(stdout) na ukague jibu lake pia. Usibadilishe mpangilio huo. Bafa ikiwa ilishindwa kumwagika katikati ya kazi na mwishoni hakuna kilichobaki ndani, fclose inaweza kufaulu vizuri na kosa la awali likapotea. Jibu lolote likiwa baya, andika ujumbe kwenye stderr, njia ya ujumbe wa makosa, ambayo haina bafa, kisha ita _exit(1), inayotoka papo hapo bila kuita fanksheni zilizosajiliwa. Usiite exit tena humo, kanuni za C hazikuhakikishii kitakachofuata. Sababu ya kosa la awali huenda imeshafutika kwenye errno, panapowekwa namba ya kosa, hivyo "kosa la kuandika" ni ujumbe wa kweli kuliko kubahatisha. Gnulib, mkusanyiko wa msimbo wa mradi wa GNU, ina close_stdout inayofanya haya, na ni bora uichukue hiyo kuliko kujitungia: hata stdout iliyofungwa makusudi kwa `>&-` inaijua, haipigi kelele kama hakuna kilichoandikwa.

Kwenye diski ya mtandao ya NFS, habari kwamba nafasi imekwisha inaweza kuchelewa mpaka faili linapofungwa. Kwenye flashi, hata kufunga hakutoshi, kwa sababu data huwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kerneli. Ita fsync, inayolazimisha data iandikwe diskini, kabla ya kufunga, stima isije ikapotea katikati. Fanya hivyo kwa faili tu, paipu itakujibu kwa kosa.

Paipu ina mambo yake. Katika `./orodha | head`, head, amri inayochukua mistari ya mwanzo tu, ikitosheka hufunga upande wake, na programu ya C huuawa na SIGPIPE, ishara kwamba msomaji wa paipu ameondoka, msimbo 141. Hilo si kosa la kumtisha mtumiaji. Python huizima ishara hiyo, kwa hiyo utaona BrokenPipeError, na kumwaga kwa mwisho kukishindikana hutoka na 120. Jaribu kwa matokeo ya megabaiti kadhaa: paipu ya Linux hubeba KiB 64, na orodha fupi hutoshea humo bila kosa kuonekana.

Katika Go, os.Exit hutoka bila kuendesha yaliyoahirishwa: Flush (ya kumwaga bafa) uliyoiweka kwa defer haitaitwa. Katika Java, System.out humeza makosa mpaka uulize checkError.

Mwisho ni skripti ya usiku. Weka `set -o pipefail`, la sivyo Bash hutazama msimbo wa amri ya mwisho peke yake. Andika kwenye faili la muda katika folda ileile, kisha `mv` baada ya msimbo 0. Jina la faili libebe tarehe, maana kazi ikishindwa, orodha ya jana itabaki palepale na mtu ataichapisha akidhani ni ya leo.